Mwaka Niliofunga Bila Kunawa Uso

Tulimzika Mama Eliza siku ya Alhamisi, na kesho yake nikarudi katika uwanja wake, avenue ya kumi na mbili, commune ya Tshopo, kukaa matanga pamoja na wanawake wengine. Nilikuwa nimejipangia mambo yangu: nitalia kidogo, nitaimba nyimbo mbili tatu, nitakula nitakachopewa, kisha nirudi kwangu Mangobo kabla miguu haijavimba. Nimezeeka, na subira ya kukaa kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza watu wakimsifu marehemu waliyekuwa wakimsengenya sina tena. Basi nikiwa nimenuna hivyo, nikamwona mwanamke mmoja anaingia, mfupi, mnene, kikwembe cha bluu, mfuko wa safari begani, miguu ina matope ya bandarini. Alikuwa ametoka Yangambi kwa boti tangu alfajiri. Nilimjua kabla hajainua uso. Véro. Tulikuwa hatujasemezana kwa zaidi ya miaka arobaini, na kosa, nilivyojua mimi, lilikuwa lake lote. Katika viti vyote vya uwanjani, kilichokuwa wazi ni kile cha kando yangu. Akaketi. Hakunipa mkono. Akaangalia mbele, akasema polepole: "Feza, niko na neno." Maneno hayo matatu yana uzito wake kwetu, na Kisangani nzima hapakuwa tena na mtu mwingine hai ambaye angeyasema namna ile.

Habari za wazazi wangu na huko Maniema walikotoka niziache, hazihusiki hapa. Ninalosimulia ni mwaka mmoja tu, ule tuliouita mwaka wa majina, nilipokuwa na miaka ishirini. Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo. Mimi niliyeamka Agnès nikalala Feza, jina la nyanya yangu, na kusema kweli sikulililia lile la kwanza. Wanaume walivua tai wakavaa abacost, koti la Chama lisilo na tai, monsieur akawa citoyen, yaani raia, na kila asubuhi, kabla ya kugusa kazi, tulisimama mbele ya bendera tukaimba na kucheza kwa kukisifu Chama na Mkubwa wake. Nilicheza vizuri, sitaki kujifanya. Wote tulicheza vizuri, kwa sababu kulikuwa na mtu pembeni aliyeangalia nani anachezesha kiuno kwa moyo na nani kwa uvivu, na hatukujua ni nani. Nyumbani watu waliendelea kuitana majina yao ya zamani, kwa sauti ya chini, na ndiyo maana hata leo nasema Véro, nasema Mama Eliza. Ukiniuliza woga wa mwaka ule ulikuwaje, nitakuambia haukuwa woga wa bunduki. Ulikuwa woga wa kutojua nani anakusikiliza.

Nilikuwa daktilo, mpiga taipu, katika biro ya serikali. Jengo lilikuwa la wamisionari zamani, na katika chumba nilichopigia mashine palikuwa na msalaba ukutani. Walipouondoa, walitundika picha ya Mkubwa kwenye msumari uleule, lakini picha ilikuwa nyembamba, na mikono miwili ya msalaba ilibaki ikionekana kila upande, madoa meupe mawili juu ya rangi iliyofubaa. Kila nilipoinua macho kutoka kwenye mashine niliyaona. Véro alifanya kazi kwenye guichet, dirisha la kupokelea watu, chumba cha mbele, na kati yake na chumba cha mkubwa wetu wa kazi palikuwa na ubao mwembamba tu. Huyo mkubwa tulimwita Citoyen Chef. Hakuwahi kupandisha sauti. Kila saa nne ya asubuhi mama mmoja alileta beseni la mikate, ile ya mviringo ya kukaanga kwa mafuta, na Chef alizunguka mwenyewe na sahani, meza kwa meza, akimpa kila mtu miwili. Alipenda kutuangalia tukila. Alisema mtu anayekula mbele yako hana kitu cha kukuficha, kisha alicheka kidogo, na sisi tulicheka naye.

Jioni zetu, mimi na Véro, zilikuwa kwa Mama Eliza. Alikuwa mjane wa kando ya mto, kutoka pande za Yanonge, mikono mikubwa ya kupiga kasia, na sala yake, yaani sebule, ilikuwa na meza moja, viti vinne vyenye vitambaa vya kufuma, na mikeka. Kwanza tulikula. Mama Eliza hakuamini maombi ya watu wenye njaa isiyo na sababu. Alitutwangia lituma ya ndizi, akatuwekea na samaki wa kuchoma na pilipili, na harufu ile ya ndizi iliyotwangwa bado hunirudisha katika chumba kile hata nikiwa sokoni. Kisha alifungua redio, akaiweka dirishani, rumba kwa sauti kubwa, na chini ya muziki ule wanawake saba tulipiga magoti na kuomba. Vikundi vya maombi visivyo na karatasi ya serikali vilikuwa vimekatazwa. Jirani aliyepita alisikia gitaa tu. Mimi hadi leo siwezi kusikia rumba bila kutaka kupiga magoti, na wajukuu wangu wananicheka sana kwa jambo hilo.

Sasa, desturi yenyewe ya chumba kile. Mtu aliyekuwa na jambo linalomshinda, anayetafuta shauri la Mungu, alikuja akasema tu: niko na neno. Hakueleza ni neno gani. Hakutaja jina la mtu wala mahali. Tuliomba kwa ajili yake siku tatu, yeye akifunga, na siku ya tatu Mama Eliza alizunguka akiuliza kila mmoja: umepata nini? Mmoja alikuwa amepata wimbo, mwingine ndoto, mwingine hakupata kitu na alisema hivyo bila aibu. Mwenye neno alisikiliza yote, akapima mwenyewe. "Neno inabaki kwa mwenye neno," ndivyo alivyosema Mama Eliza. "Tukiijua, tutakupa akili yetu. Akili yetu uko nayo tayari, na haikukusaidia." Nilidhani ilikuwa kanuni ya kiroho tu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mama yule alikuwa pia anajua nchi aliyokuwa anaishi. Kulikuwa na kanuni ya pili, na hiyo ndiyo iliyonishinda. Anayefunga, alisema, anawe uso, apake mafuta, aende kazini kama siku zote, na akiona hatari apige hata funda la chai. "Kufunga si kikwembe ya kuvaa batu wakuone."

Jumatatu moja, baada ya mikate, Citoyen Chef aliniwekea mezani karatasi iliyoandikwa kwa mkono, nipige nakala tatu. Majina saba, na chini: Jumamosi, wakati wa Salongo. Salongo ilikuwa ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, mji mzima nje na mapanga na mafagio, na hakuna nyumba yenye watu wa kuuliza maswali. Nilijua ni orodha ya nini. Tulikuwa tumekwisha kuona wengine wakiondoka namna hiyo. Nilipiga jina la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilikuwa Lifoko, wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Lifoko ni Papa Samweli, mwinjilisti wa kanisa letu, aliyenifundisha kusoma nikiwa mtoto na aliyeniandikia barua ya kuombea kazi ileile niliyokuwa naifanya. Mwezi uliotangulia alikuwa amembatiza mtoto na kumwita Daudi, kwa sauti, mbele ya watu, kama vile hakuna sheria. Nilimaliza kupiga. Nilichomoa karatasi za kaboni, nikanyoosha nakala, nikazipeleka. "Merci, citoyenne," Chef akasema, "unapiga bila makosa."

Nilichopaswa kufanya kilikuwa wazi kama maji ya kisima. Papa Samweli alikuwa na ndugu Isangi. Kwa pirogi, ule mtumbwi wetu wa kasia, akienda na mkondo, angekuwa mbali kabla ya Jumamosi, na kutoka hapo msitu wa Yahuma unameza mtu yeyote. Ilikuwa ni kuvuka mto na kumwambia maneno mawili. Lakini akikimbia, wangeuliza nani aliyeiona orodha, na walioiona ni Chef na mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na niliogopa, niseme wazi. Nikafanya kile mtu wa maombi anachofanya akiogopa: nikakiita kutafuta mapenzi ya Mungu. Jumatatu hiyohiyo, saa kumi ya mchana, nilimwambia Mama Eliza: niko na neno. Akajifuta mikono kwenye kikwembe. "Bon. Kesho tunaanza."

Nilifunga kwa bidii kuliko mtu yeyote aliyewahi kufunga katika chumba kile. Jumanne sikupaka mafuta, midomo ikakauka. Chef alipofika na sahani nikasema tumbo linauma. Jumatano nikasema bado. Nilitaka Mungu aone nilivyo na shida, na ndani kabisa, mahali ambapo mtu hajisemei ukweli kila siku, nilipenda pia kuonekana. Chef alisimama mbele ya meza yangu Jumatano ile, mikate miwili inapoa, akaniangalia midomo. "Likambo te," akasema kwa Lingala, hakuna neno, akaendelea na meza nyingine. Siku hiyo Véro alinikuta nyuma ya jengo nikilia. Alinishika mabega hadi nikasema. Nilivunja kanuni, nikamwambia yote: orodha, Papa Samweli, Jumamosi. Alikuwa rafiki yangu, tulilala chumba kimoja, tulibadilishana viatu. Alikuwa pia mchumba wa kijana wa Chama, na hilo nililikumbuka baada ya kusema. Uso wake ulibadilika. Hakunipa neno la faraja hata moja, akauliza tu: "Nani mwingine anajua?" Nikasema hakuna.

Alhamisi, siku ya tatu, nafasi ya Véro kwenye mkeka ilikuwa tupu. Mawingu yalikuwa yamejaa, chumba kimekuwa kiza mchana, na redio ilikwaruzakwaruza kwa sababu ya radi. Mama Eliza akazunguka na swali lake. Mmoja alikuwa ameona pirogi imefungwa na hakuna wa kuipiga kasia. Mwingine alikuwa amepewa wimbo wa kuvuka. Wa tatu akasema yeye alisinzia, tumsamehe. Sikuhitaji kupima kitu. Nililia, nikasema asanteni, na Mama Eliza akanikatiza. "Feza, jibu ya neno yako, uliijua tangu Jumatatu?" Nikasema ndiyo. Hakukasirika, lakini sauti yake ilikuwa baridi. "Alors, sababu ya nini unasumbua Mungu siku tatu? Mutu mwenye hajui njia, aombe njia. Mutu mwenye anaijua, aombe miguu. Simama uende sasa." Nikasimama. Nikafika mlangoni, na mvua ikaanguka, mvua ya kwetu ambayo huoni nyumba ya pili. Nikasema bac, kile kivuko cha kwenda Lubunga, itakuwa imesimama. Nikasema hakuna mpiga kasia atakayekubali kuvuka mto huu katika hali hii. Nikasema kesho asubuhi, bado ni Ijumaa, wao ni Jumamosi. Watu husema haraka haraka haina baraka, na nilijifunika kwa methali hiyo kama shuka.

Nilivuka Ijumaa kwa bac ya kwanza. Mto ulikuwa umepanda, rangi ya chai, unabeba magogo. Kutoka bandarini hadi nyumba ya Papa Samweli ni mwendo wa robo saa na hakuna mtu aliyenisalimu njiani. Niliona milango ikifungwa mbele yangu, mmoja, kisha mwingine, bila kelele. Kwake mlango ulikuwa wazi. Mke wake, Mama Marta, alikuwa ameketi kwenye kiti cha mumewe, mikono mapajani, na miwani ya Papa ilikuwa mezani imekunjwa. "Bamekuja na saa kumi na moja," akasema. "Alikuwa amevaa tayari." Sikuelewa. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyekuja kabla. Akafikiri. "Jana Véro alipita. Mimi nilikuwa kwa jikoni, nyuma. Alisema na Papa kidogo, akarudi na mvua. Asubuhi, ndio hawa." Ndiyo hivyo. Hakuna aliyeniambia nifikiri nini, nilijipangia mwenyewe: mtu mmoja tu ndiye aliyejua, alikuja kuchungulia kama mzee yuko nyumbani, na askari wakamfuata. Roho ilinichemka hadi nikasahau kumshika Mama Marta mkono.

Nilichelewa kazini na Citoyen Chef hakunigombeza. Saa nne alikuja na sahani yake, akaiweka mbele yangu, si mikate miwili bali sita, akavuta kiti akaketi. "Sasa kula, citoyenne," akasema. "Maombi yako imekwisha." Nikajua basi kwamba amekwisha kuambiwa. Nilikula mkate mmoja, na mafuta yake yalinitoka kidevuni, na yeye akaniangalia hadi nilipomaliza, akasimama, akaniambia mashine yangu inahitaji utepe mpya. Alipotoka, Véro akatokea mlangoni kwa guichet. Macho yalikuwa mekundu. Akasema, taratibu, kama mtu anayesoma: "Feza. Unawe uso. Ukule." Mungu anisamehe, sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia wakati ule. Nilidhani ananicheka. Saa kumi, katika sala ya Mama Eliza, mbele ya wanawake wote, nilimpiga kofi nikamwita Yuda, na hakuinua mkono. Alichukua viatu vyake mlangoni akaenda. Mwezi haukuisha, akaachana na mchumba wake. Mwaka haukuisha, akaolewa na mfanyakazi wa mashamba ya utafiti, akahamia Yangambi. Papa Samweli hakurudi. Mama Marta alikuwa akiitandika nguo ya mumewe ya Jumapili kitandani kila Jumamosi, miaka mingi, hadi alipokufa naye. Redio ya Mama Eliza iliondolewa dirishani, mikeka ikakunjwa.

Mimi hawakunigusa. Hilo lilinisumbua. Nilibaki katika biro ile miaka tisa, chini ya ile mikono miwili myeupe ya ukutani, nikipiga orodha nyingine, na hakuna aliyeniuliza lolote. Nilimshukuru Mungu kwa kunilinda, nikawa hata nashuhudia kanisani. Mama Eliza aliniambia mara nyingi: nenda Yangambi, umuulize Véro. Nilijibu kwamba nimeliweka mikononi mwa Bwana. Aliguna tu. Safari ya boti ni siku moja, na nilipendelea kumuuliza Mungu kwa miaka arobaini, maana yeye hakuwa na sura ya kunitazama.

Basi huko matangani, kando ya sufuria za wali, Véro akaanza kusema bila kunigeukia. Anazungumza vilevile, kama mtu anayepanga vitu juu ya meza. "Ile Alhamisi, nilikuwa kwa guichet. Chef alikuwa na sergent, nyuma ya ubao. Akasema: ule mutoto ya mashine hakuli tangu Jumanne. Batu ya maombi banafunga kama kuko kitu. Alisoma liste, na kuko mutu yake ndani. Sergent akauliza, tumukamate mutoto? Chef akasema: hapana. Tutakwenda kesho asubuhi, saba wote. Mwenye tutakuta amekimbia, ndiye mutu yake. Nyuma yake ndio tunamuchukua mutoto." Alivuta miguu mtu mwenye sahani apite. Midomo yangu. Midomo yangu mikavu niliyoionyesha kwa Mungu, nilikuwa nimeionyesha kwa yule.

"Ukavuka," nikasema.

"Nikavuka. Pirogi ya muvuvi mumoja, alikuwa mulevi, ndiyo sababu alikubali. Tulitoa maji ndani na kikombe. Papa Samweli alikuwa peke yake kwa sala, maji ya chai iko kwenye jiko. Nikamuambia yote, na ile ya Chef pia. Nikamuambia, Papa, pirogi iko pale, nitakwenda na weye mupaka Isangi. Akasema: ungoje kidogo mutoto yangu, niulize. Akapiga magoti pale kwa meza. Hakusema kwa nguvu. Maji haikuchemka bado, akasimama. Akaniuliza, kama nikienda, mwenye batachukua ni Feza? Nikasema, ni Feza. Akasema: donc ninabaki." Véro alishika kitambaa cha kichwa chake akakifungua, akakifunga tena. "Akakwenda kutafuta shati safi."

Kilichonitoka hakikuwa shukrani wala samahani, kilikuwa ukali wangu wa siku zote: "Na hukuniambia. Nilikupiga, na hukuniambia."

"Papa alinikataza. Akasema, Feza akijua, atakwenda mbele ya Chef kusema ni mimi. Namujua, iko na kichwa nguvu." Akanigeukia kwa mara ya kwanza. Amezeeka vibaya, maskini, jicho moja lina ukungu. "Kwanza nilinyamaza sababu ya Papa. Nyuma nikanyamaza sababu ya lile kofi. Nisikudanganye, Feza. Miaka mingi ilikuwa kofi tu. Lakini Mama Eliza amekwenda, tumebaki mimi na weye. Mimi pia sina nguvu ya kubeba. Na Papa alinipa neno moja ya kukuletea, na nilikuletea kesho yake, kwa mulango ya biro, kama alivyosema. Alisema: umuambie mutoto anawe uso, akule."

Wanawake walikuwa wameanza wimbo mwingine. Nilimwangalia Véro, na nilitamani anyanyue mkono anirudishie kofi langu lile, ningelipokea kwa furaha. Siku tatu nilifunga, wanawake saba walipigishwa magoti, nikauliza njia niliyokuwa nimesimama juu yake. Papa Samweli aliuliza mara moja, kwa muda ambao maji yanahitaji kupata moto, na alipojibiwa akatafuta shati. Kisha bado akanikumbuka, kwamba nina njaa, kwamba uso wangu unaniua. Nililia. Mimi si mtu wa kulia hovyo, lakini nililia hapo hadi watu wakadhani ni kwa ajili ya Mama Eliza, na mmoja akanipepea na kitambaa. Nikamwambia Véro, "Unisamehe, ndugu yangu." Akasema, "Kula kwanza."

Akaenda kunichukulia. Mimi nikainuka, nikapita kati ya viti hadi kwenye pipa la maji nyuma ya jikoni, pale ambapo Mama Eliza alikuwa akitwanga lituma yake. Nilichota kwa mikono yote miwili. Maji yalikuwa ya mvua, baridi, na nilinawa uso taratibu, paji, macho, midomo, nikajifuta kwa pembe ya kikwembe. Niliporudi, Véro alikuwa amenishikia sahani mapajani mwake, ndizi na samaki, vijiko viwili. Nikaketi kando yake, nikala.